Kutoka Mchoro Hadi Matini: Nafasi ya Lugha katika Usanifu wa Saketi kwa Kompyuta

1. Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kuitazama kompyuta kama chombo cha kuhifadhi na kuchambua matini. Makala haya yanakusudia kuonyesha upande wa pili wa uhusiano huo, yaani kwamba kompyuta yenyewe ni zao la matini. Kiini chake ni saketi unganifu: kipande kidogo cha silikoni ambamo transista nyingi, yaani swichi ndogo mno za umeme, zimeundwa pamoja na nyaya zinazoziunganisha. Saketi unganifu ya awali kabisa ilionyeshwa na Jack Kilby nchini Marekani mwaka 1958. Siku hizi saketi kubwa za tarakimu hazichorwi tena transista moja moja, huandikwa. Tutaeleza jinsi maandishi yalivyochukua mahali pa mchoro, na jinsi kompyuta inavyoyafasiri hadi yawe kitu cha kushikika. Dai letu ni kwamba badiliko hilo halikuwa la kifundi tu: lilibadili pia idadi ya watu wanaoweza kubuni saketi.

2. Enzi ya mchoro

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa saketi iitwayo 4004, yenye transista 2,300. Ramani yake ilichorwa kwa mkono kwa ukubwa wa mara mia kadhaa, ikakatwa kwenye utando mwekundu wa plastiki, kisha ikapigwa picha na kupunguzwa. Kwa transista elfu mbili kazi hiyo iliwezekana. Lakini idadi ya transista iliendelea kukua kwa kasi, kama Gordon Moore alivyotabiri mwaka 1965. Saketi ya M1 ya kampuni ya Apple, iliyotolewa mwaka 2020, ina transista bilioni 16. Mtu ambaye angechora moja kwa kila sekunde, bila kula wala kulala, angehitaji miaka zaidi ya 500 kuimaliza.

Kompyuta iliitwa kusaidia mapema. Mwaka 1961 C. Y. Lee alieleza njia ya kuiwezesha kutafuta mapito mafupi ya waya kati ya nukta mbili. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa programu ya SPICE, inayokokotoa mwenendo wa umeme katika saketi kabla haijaundwa. Chuo hicho kiliigawa kwa kila aliyeihitaji, na ukarimu huo ulichangia sana kuieneza duniani.

3. Mwandishi na mpiga chapa

Hata hivyo, hadi miaka ya 1970, ili kubuni saketi mtu alihitaji kuwa karibu na kiwanda na kuzijua siri zake. Carver Mead wa Taasisi ya Teknolojia ya California, pamoja na Lynn Conway wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, walikikata kifungo hicho. Walizipunguza kanuni za kiwanda hadi zikawa chache, kama vile upana mdogo kabisa wa waya na umbali unaotakiwa kati ya waya na waya. Aliyezifuata aliweza kusanifu bila kujua yanayotendeka kiwandani.

Conway alilifundisha somo hilo katika chuo cha MIT mwaka 1978. Mwaka uliofuata, wanafunzi wa vyuo kadhaa vya Marekani walituma kazi zao kwa mtandao wa ARPANET. Kazi hizo zikakusanywa na kuundwa pamoja kwenye bamba za silikoni za shirika, hata gharama ikagawanywa. Kitabu cha Mead na Conway kilitoka mwaka 1980, na mwaka 1981 huduma ya MOSIS ikaanza kuuendesha utaratibu huo daima. Uhusiano uliozaliwa hapo ni kama ule wa mwandishi na mpiga chapa: mwandishi hana haja ya kumiliki mtambo wa kuchapia ili aandike kitabu.

4. Sarufi ya saketi

Mwandishi huyo huandika kwa lugha gani? Msingi wake uliwekwa na Claude Shannon, aliyeonyesha katika makala ya mwaka 1938 kwamba saketi za swichi zinaweza kuelezwa kwa mantiki ya George Boole. Maneno yake makuu ni matatu: na, au, si. Tuchukue saketi ya kujumlisha tarakimu mbili, A na B, ambazo kila moja ni 0 au 1. Jumla ni 1 iwapo A ni 1 au B ni 1, lakini si zote mbili. Tarakimu ya kupelekwa mbele ni 1 iwapo A ni 1 na B ni 1. Sentensi hizi mbili ni saketi kamili.

Msomaji atatambua kwamba neno "au" la Kiswahili lina utata. Anayesema "lete chai au maziwa" huenda anataka kimoja tu, na huenda hatakasirika akiletewa vyote viwili. Saketi haivumilii utata huo, kwa sababu "au" hizo mbili ni milango miwili tofauti ya umeme. Ndiyo sababu zilibuniwa lugha maalumu. Mbili zimeenea kupita nyingine: VHDL, iliyotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kusanifishwa mwaka 1987, na Verilog, iliyobuniwa na kampuni moja ya Marekani na kusanifishwa mwaka 1995.

Lugha hizi zinatofautiana na zile za kuandikia programu za kawaida kwa jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili sanifu atalielewa upesi. Programu ya kawaida hutendeka kama masimulizi ya "-ka-": akaja, akaketi, akala. Kila tendo hungoja lililotangulia. Matini ya saketi iko karibu zaidi na "-ki-" ya matendo yanayokwenda pamoja: huyu akipika, yule akiteka maji. Kwa kuwa umeme uko katika nyaya zote kwa wakati mmoja, sehemu mbalimbali za matini hutenda kwa pamoja, hata kama zimeandikwa moja chini ya nyingine.

5. Kazi ya kufasiri

Matini ikishaandikwa, kompyuta huifasiri kwa hatua. Ya kwanza ni usanisi: sentensi hugeuzwa kuwa orodha ya milango ya umeme na viungo vyake. Ya pili ni kuipa milango hiyo mahali juu ya silikoni. Ya tatu ni kupitisha nyaya.

Hatua ya pili inaonyesha vizuri kwa nini utafiti ulihitajika. Vitu 20 vinaweza kupangwa katika nafasi 20 kwa namna 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta inayopima mipango bilioni moja kwa sekunde ingetumia miaka 77 kuimaliza yote. Na milango ya saketi si 20, bali ni mamilioni. Mwaka 1983 Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi wa kampuni ya IBM walipendekeza njia iliyoigwa kwa mhunzi, ambaye hukipasha chuma moto kisha hukiacha kipoe polepole ili kitulie vizuri. Kompyuta huanza kwa kuhamisha vitu ovyo, hata pale mpango unapozidi kuwa mbaya. Kadiri "joto" linavyoshushwa, mabadiliko mabaya hukataliwa zaidi na zaidi. Njia hiyo haiahidi mpango bora kuliko yote, bali mpango mzuri kwa muda unaovumilika.

6. Je, fasiri ni sahihi?

Kila mfasiri huulizwa kama amehifadhi maana. Kuijaribu saketi kwa kila swali haiwezekani: kuzijumlisha jozi zote za namba za biti 32, kwa kasi ya jozi bilioni moja kwa sekunde, kungechukua miaka zaidi ya 580. Hatari yake ilionekana mwaka 1994, ilipogunduliwa kwamba saketi ya Pentium ya Intel ilikosea baadhi ya migawanyo. Katika jedwali lake la kugawia, nafasi tano zilikuwa hazikujazwa. Kosa hilo liliigharimu kampuni dola milioni 475.

Tangu hapo, uthibitishaji wa kimantiki ulipewa uzito mkubwa zaidi. Randal Bryant alikuwa ameonyesha mwaka 1986 namna ya kuyaandika maelezo ya mantiki katika umbo moja tu la kudumu, hata matini mbili zenye maana sawa zikawa na umbo lile lile. Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis walipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa njia za kuiwezesha kompyuta kuhakiki kama mfumo unatii sharti fulani katika hali zake zote.

7. Hitimisho

Mwaka 1997 IBM ilitangaza kutumia shaba mahali pa alumini katika nyaya za saketi. Ili shaba isipenye ndani ya silikoni, huzungushiwa utando mwembamba wenye tantalamu. Shaba na tantalamu huchimbwa kwa wingi katika nchi yetu. Lakini thamani kubwa ya saketi haimo katika madini yake. Imo katika matini iliyoyapanga.

Je, mlango wa matini hiyo uko wazi? Programu za kuifasiri zimo zaidi mikononi mwa kampuni tatu, Synopsys, Cadence na Siemens, na mwaka 2022 serikali ya Marekani iliweka masharti juu ya kuuza nje zile za transista mpya kabisa. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 kampuni za Google na SkyWater ziliweka hadharani kanuni za kiwanda cha nanomita 130, na zipo programu huria za kuzitumia. Nanomita 130 ni teknolojia ya zamani, lakini kwa kufundishia yatosha. Hapana budi basi wahandisi wetu waanze na kalamu hiyo, nasi wanaisimu tuwapatie istilahi zisizo na utata. Maana anayeuza karatasi tu hatahesabiwa miongoni mwa waandishi.