Kabla ya Kununua Dawa ya Minyoo, Tazama Malisho ya Kondoo Wako

Mfugaji aliyenunua dawa ya minyoo mara tatu katika msimu mmoja wa masika, na bado anazika wana-kondoo, hudhani ameuziwa dawa bandia. Huenda ni kweli. Hata hivyo, chanzo cha hasara hiyo mara nyingi kiko malishoni, na hakuna chupa inayoweza kukiondoa.

Mnyoo hatari zaidi kwa kondoo katika maeneo yenye joto na mvua ni Haemonchus contortus, ambao hukaa katika tumbo la nne na kufyonza damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka pamoja na kinyesi. Penye unyevu na joto, kwa muda wa takriban wiki moja mabuu huwa tayari kuambukiza. Hupanda majani kwa msaada wa umande, lakini wengi wao hawavuki sentimita 5 kutoka ardhini. Kwa bahati mbaya, kondoo hupenda kukata nyasi chini kabisa, mahali ambapo ulimi wa ng'ombe haufiki.

Kwa hiyo tunashauri kondoo waondolewe nyasi zikiwa bado na kimo cha upana wa kiganja. Wakati wa mvua wasikae sehemu moja zaidi ya siku 4 au 5, na sehemu hiyo ipumzishwe wiki 6 au zaidi. Penye baridi, kama nyanda za juu, ipumzishwe kwa muda mrefu zaidi, kwani huko mabuu huchelewa kufa. Ng'ombe wakubwa wakilishwa hapo katikati husaidia kusafisha, maana mabuu wengi wa mnyoo huu hawastawi ndani yao. Tunatambua kwamba anayechunga katika ardhi ya kijiji hawezi kupanga yote haya. Huyo angalau awatengee wana-kondoo na mama wanaonyonyesha eneo ambalo halijakanyagwa karibuni.

Dawa bado ina nafasi yake. Funua kope la chini la kondoo: wekundu ni dalili njema, weupe ni dalili ya kupungukiwa damu. Uvimbe laini chini ya taya ni onyo kubwa zaidi. Mtibu anayehitaji, kuwanywesha wote kila mara huharakisha usugu wa minyoo.

Dukani, soma jina la kiambato kinachoua minyoo, si jina la biashara pekee. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na albendazole ileile, na aliyebadili chupa hajabadili dawa. Albendazole isipewe kondoo katika mwezi wa kwanza wa mimba. Pima uzito badala ya kukisia, kwa sababu dozi pungufu hukomaza usugu. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi na siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Nyama hiyo italiwa na watu.

Iwapo dozi ilikuwa sahihi na kondoo hawakupata nafuu, usitupe chupa. Ihifadhi pamoja na boksi lake na risiti, nakili namba ya toleo, kisha umwone daktari wa mifugo ili kinyesi kipimwe. Tukipokea lalamiko lenye vitu hivyo, tunaweza kuichunguza dawa yenyewe.