Filimbi Si ya Kila Mwenye Raba

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu nilikabidhiwa filimbi kwa sababu moja tu: nilikuwa nimevaa raba. Mwalimu wa michezo alikuwa amekwenda wilayani kufuata mshahara, timu ya shule jirani imekwisha teremka kwenye lori, na mkuu wa shule akatutazama miguu sisi sote tuliokuwa barazani, akasema, "Mwalimu, wewe utachezesha." Sheria za mpira nilizijua kama anavyozijua kila aliyekulia kwenye chandimu: mkono ni faulo, mpira ukitoka ni wa kurusha, na refa akikosea anatukanwa.

Kipindi cha pili vijana wawili waliruka kuwania mpira wa juu, wakagongana vichwa. Mmoja alinyanyuka akajipukuta vumbi. Wa pili alikaa chini kidogo, akamwagiwa maji ya ndoo, naye akasimama. Akaniuliza, "Mwalimu, ngapi ngapi?" Nikamjibu moja bila. Hazikupita dakika mbili, akaniuliza tena. Mara akapata mpira, akaanza kuukokota kuelekea kwenye goli la kwao. Uwanja mzima ulicheka, na mimi niliyetakiwa kuwa mlinzi wake nilicheka pamoja nao. Alicheza hadi mwisho. Wiki iliyofuata wenzetu wa shule ile walitueleza kwamba alitapika njia nzima ndani ya lori. Alipona, namshukuru Mungu, lakini kupona kwake hakukutokana na lolote nililofanya mimi.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu kila mwaka, michezo ya UMISSETA inapokaribia, tunazungumza sana juu ya jezi, mipira, usafiri na posho. Ni haki kuyazungumza. Lakini nani anachezesha? Kwenye fainali za taifa utawakuta waamuzi waliosomea kazi hiyo. Huko chini, shule kwa shule na kata kwa kata, ambako michezo mingi ndiko inakochezwa, filimbi bado hushikwa na mwalimu yeyote aliyekosa udhuru. Na kocha mara nyingi ni mwalimu wa Jiografia aliyewahi kucheza winga ya kulia zamani.

Kitabu cha sheria za soka kina sheria 17. Wengi wetu tunakiona ni kitabu cha kuamulia nani ameshinda. Kisome taratibu, utaona kwamba ndani yake mna pia mambo ya kumlinda mchezaji asiumie. Sheria ya kwanza kabisa, kabla hata mpira haujatajwa, inataka magoli yawe yamekazwa imara ardhini. Magoli ya shule zetu ni miti ya mkaratusi au mabomba yaliyochomelewa na fundi wa jirani. Mchwa hula chini, kutu hula chini, na watoto huning'inia kwenye mtambaa panya kila mapumziko. Mwamuzi aliyefundishwa hufika mapema, akasukuma mlingoti kwa mikono yake miwili. Ukitikisika, hapachezwi mpira mpaka ukazwe. Asiyefundishwa hufika na kuuliza sarafu iko wapi.

Sheria ya nne inakataza hereni, mikufu, pete na bangili, hata ukizifunika kwa plasta. Inataka viatu na vikinga ugoko. Hapa najua mtaniambia, mwalimu, watoto wetu wanacheza peku. Ni kweli, na sitaki kumzuia mtoto kucheza kwa sababu ya umaskini wa mzazi wake. Ninachokataa ni kijana mmoja mwenye daluga za meno kuachiwa amkanyage mwenzake aliye peku. Wote wavae au wote wavue. Hilo halihitaji fedha.

Wapenzi wa soka wa rika langu wanamkumbuka Marco van Basten wa Uholanzi. Kifundo chake cha mguu kilipigwa na mabeki mpaka mpira ukamshinda. Mechi yake ya mwisho aliicheza Mei 1993, akiwa na miaka 28 tu. Mwaka 1998, kabla ya Kombe la Dunia kule Ufaransa, watunga sheria waliweka wazi kwamba kumkwatua mtu kwa nyuma na kuhatarisha usalama wake ni kadi nyekundu. Lakini nimeona mwalimu mwenye filimbi, miaka mingi baada ya hapo, akitoa onyo la mdomo kwa kosa lilelile, huku anasema, "Mpira ni mchezo wa kiume."

Nirudi kwa yule kijana wangu wa moja bila. Alichopata ni mtikisiko wa ubongo. Watu wengi wanadhani mtu hawezi kuwa nao mpaka azimie. La hasha, walio wengi hawazimii kabisa. Huuliza jambo lilelile mara mbili, husahau wako upande gani, huyumba, huumwa kichwa, huona kichefuchefu, au hukasirika bila sababu. Ubongo ulio katika hali hiyo ukipigwa tena kabla haujapona, hasa wa kijana, unaweza kuvimba na kumuua au kumlemaza kwa maisha yake yote. Katika jimbo la Washington, Marekani, mtoto wa miaka 13 aligonga kichwa Oktoba 2006, akapumzishwa kidogo, akarudishwa uwanjani, na baada ya mchezo akaanguka. Alinusurika kwa operesheni na miaka ya mateso. Mwaka 2009 jimbo hilo likatunga sheria: mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko hutolewa nje, na harudi kucheza bila ya cheti cha mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote 50 ya nchi ile yalikuwa na sheria za namna hiyo.

Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge. Mwalimu anahitaji kujua neno "anayeshukiwa" tu. Ukishuku, mtoe, na siku hiyo hachezi tena hata akikuapia kwa jina la mama yake. Asiachwe peke yake. Akitapika tena na tena, akisinzia kupita kiasi, kichwa kikizidi kuuma, akishikwa na degedege au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo. Na kama ameanguka na shingo inamuuma, asinyanyuliwe mzobemzobe na wenzake wanne kama tunavyoona kila Jumamosi. Abaki alipo, kichwa kishikiliwe kisitikisike, mpaka apatikane anayejua kumbeba.

Pana ugumu mmoja hapa, nao si wa kitaalamu. Sisi ni taifa la John Stephen Akhwari. Mexico, mwaka 1968, alianguka katika marathoni, goti likaumia, akachechemea hadi kwenye utepe wakati wenzake wamekwisha pewa medali. Tunamheshimu, na tunastahili kumheshimu. Lakini Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejua maumivu yake na aliamua mwenyewe. Mtoto wa kidato cha pili aliyegongwa kichwa hajui hata magoli ni mangapi, hawezi kuamua. Wala kocha wake asiachiwe kuamua peke yake, kwa sababu kocha anataka kombe. Ndiyo maana sheria ya tano inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mchezo pale anapoona mtu ameumia vibaya. Mamlaka hayo hayana maana kwa mtu asiyejua dalili.

Jambo la pili ni moyo. Juni 26, 2003, kule Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja bila ya kuguswa na mtu, akafariki dunia. Desemba 2016 kijana wa kikosi cha vijana cha Mbao ya Mwanza alianguka katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, naye tukampoteza. Juni 12, 2021, huko Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vilevile. Mwamuzi aliwaita madaktari katika sekunde chache, kifua kikaanza kukandamizwa palepale, mashine ya kuushtua moyo ikaletwa, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza mpira tena.

Mashine kama hiyo shule zetu nyingi hazina. Mikono tunayo. Mchezaji akianguka bila kugongwa, haitikii na hapumui kawaida, mkandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kupumzika, huku mwingine anatafuta gari. Kila dakika inayopita bila ya msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Na hapa pana kosa linaloua. Moyo ukisimama ghafla, mwili unaweza kutetemeka kidogo na mtu akatoa mikoromo. Watu wakiona hivyo husema ni kifafa, wakarudi nyuma; wengine hutafuta kijiko cha kumtia mdomoni; na wapo watakaosema timu pinzani imemroga. Wakati wanabishana, dakika zile zinakwisha.

Kwa ndugu zetu wa Kagera, Mwanza, Geita na Kigoma kuna radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika zinazopigwa radi nyingi. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30, radi iko ndani ya kilometa kumi na mchezo usimame. Watu waingie darasani au ndani ya basi, si chini ya mwembe wala turubai, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Novemba 2024, Chilca nchini Peru, mwamuzi alikuwa amekwisha simamisha mchezo na wachezaji wanatembea kutoka nje, radi ikawapiga na mmoja akafa. Refa yule alifanya jambo sahihi, ila wingu halikumsubiri.

Riadha nayo ina mambo yake. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mkuki meta 104.80, karibu na ukingo wa uwanja, na ikaonekana kwamba mikuki ya wakati ule ingewafikia wakimbiaji upande wa pili. Kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukasogezewa mbele kitovu cha uzito wake ili uelemee mbele na kuanguka mapema. Huko shuleni hatuna tatizo la meta 104. Tuna tatizo la mwanafunzi anayetumwa kuokota mkuki na kuurudisha kwa kuurusha. Mkuki hurudishwa kwa kutembea nao mkononi. Na kwenye kuruka juu, vijana wamemwona kwenye televisheni mtu anapita juu ya mti kwa mgongo, kama alivyofanya Dick Fosbury mwaka 1968. Fosbury aliangukia kwenye godoro nene. Kijana wetu ataangukia mchanga uliogandamana kwa mvua, kwa shingo. Pasipo na godoro, mtindo huo upigwe marufuku, na mwalimu awe na ubavu wa kukataa hata mbele ya mgeni rasmi.

Mamluki nitawataja kwa sentensi mbili. Tumezoea kulalamika kwamba wanatuibia ushindi, lakini mwanamume wa miaka 22 akimkwatua mtoto wa miaka 15, kinachoibwa ni zaidi ya ushindi. Kukagua umri nako ni kazi ya usalama.

Mtaniuliza mafunzo haya yatolewe wapi na kwa fedha gani. Tunacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, tunavyo vyama vya waamuzi, na kila wilaya ina wauguzi. Ninachoomba ni siku mbili kwa mwaka kwa kila kata, tena uwanjani, si ukumbini. Semina za ukumbini nimehudhuria nyingi. Unapewa kalamu, daftari na soda, unasaini posho, unarudi nyumbani hujui kufunga bendeji. Mwalimu alale chini ajifanye ameumia, mwenzake amkague. Gunia la pumba litumike kama kifua cha mtu, kila mmoja alikandamize dakika mbili mpaka jasho limtoke. Wafundishwe kwamba mguu ulioteguka huwekewa barafu kwa dakika 15 hadi 20, wala hausuguliwi dawa ya moto, kwa maana kuusugua huuzidishia uvimbe. Na wafundishwe kupasha viungo ipasavyo. Nchini Norway, utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwafuatilia wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17. Wale waliofanya mazoezi maalumu ya dakika 20 kabla ya kucheza walipata majeraha makubwa karibu nusu tu ya wenzao. Mazoezi hayo hayana kifaa hata kimoja zaidi ya mpira. Walimu wa netiboli wayaangalie kwa makini, kwani kule kusimama ghafla na mpira mkononi ndiko kunakoharibu magoti ya mabinti zetu.

Nawe mzazi wa mjini, unayelipa mchango wa michezo kila muhula na kudai risiti, Jumamosi hii mwanao akiaga kwenda kucheza, nenda naye. Muulize mwalimu mwenye filimbi maswali mawili: nani hapa anajua huduma ya kwanza, na gari la kwenda hospitali ni lipi na funguo anazo nani? Muulize kwa adabu, maana huenda naye amechaguliwa kwa ajili ya raba zake.

Muda wangu umekwisha. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumzia maji ya kunywa shuleni. Kwaherini.