Mganda (ngoma)
Mganda ni ngoma ya wanaume inayochezwa kandokando ya Ziwa Nyasa, kwa Tanzania hasa mkoani Ruvuma, na pia nchini Malawi. Wanawake wana yao, kioda. Wachezaji hujipanga kwa safu na kupuliza vibuyu vyenye utando wa buibui unaotetemesha sauti.

Mtindo huo ulitokana na gwaride la askari wa kikoloni, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Terence Ranger, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliihusisha na beni ya pwani katika kitabu chake cha mwaka 1975. Hakuiona kuwa uigaji mtupu wa Wazungu: vijana walijipatia humo heshima, vyeo na mashindano ya kijiji kwa kijiji. Basi mwanafunzi wa uzamili anayetafiti mganda bila kuuliza nani ana cheo gani kundini ataambulia hatua za miguu tu.