Mtawa Anayetumwa: Andreas Amrhein na Chimbuko la Kanisa la Kivukoni

Kitenzi tawa katika Kiswahili cha pwani kina maana iliyo wazi. Kutawa ni kukaa ndani, kutoonekana ovyo barabarani, na zamani kilitumika hasa kwa mwanamke mwenye heshima zake. Mtawa, basi, ni mtu aliyejitenga na mambo ya dunia akamcha Mungu. Kanisa Katoliki lilipohitaji jina la kuwaita wanaume na wanawake wanaoishi kwa nadhiri katika nyumba zao za sala, lililikuta neno hili limekwisha kukomaa, likalitwaa. Kwa kitenzi tuma mambo hayakuwa mepesi hivyo. Jina mtume lilikuwapo, lakini lilikuwa na wenyewe: kwa Waislamu wa pwani Mtume ni Muhammad, na kwa Wakristo mitume ni wale wa Injili. Mhubiri aliyetoka Ulaya hakuweza kuvikwa jina hilo pasipo kuzua utata. Akaitwa mmisionari, kwa neno la mkopo, ingawa maana yake ya asili ni ileile: aliyetumwa.

Maneno haya mawili yakiwekwa pamoja yanagombana. Mmoja hukaa, mwingine huenda. Ugomvi huo ndio uliotawala maisha ya Andreas Amrhein, mwanzilishi wa shirika la Wabenediktini Wamisionari.

Amrhein alizaliwa mwaka 1844 huko Gunzwil, katika jimbo la Luzern nchini Uswisi. Alihamia Ujerumani, na mwaka 1870 akajiunga na monasteri ya Wabenediktini ya Beuron. Beuron ilisifika kwa liturujia na nyimbo zake, na wakuu wake hawakuona sababu ya mtawa kuacha kwaya akaende ng'ambo. Amrhein aliona vingine. Historia ilikuwa upande wake, kwani mwaka 597 waliofika kuhubiri Uingereza walikuwa watawa waliotumwa na Papa Gregori wa Kwanza, na baadaye Bonifasi, mtawa kutoka Uingereza, alikwenda kuhubiri Ujerumani. Hoja yake ilikuwa kwamba utawa na utume vilikuwa kitu kimoja kabla watu hawajavitenganisha. Mwaka 1884 Roma ilimpa ruhusa, naye akaanzisha nyumba yake huko Reichenbach, Bavaria. Mwaka uliofuata wanawake nao walianza kupokelewa. Mwaka 1887 makao yalihamishiwa Emming, penye kanisa dogo la Mtakatifu Otilia, na kutokana na hapo shirika likapata jina lake la St. Ottilien.

Mwaka huohuo Roma ililikabidhi shirika hilo changa eneo la kusini mwa Zanzibar, yaani sehemu kubwa ya bara lililokuwa likidaiwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Hapa pana jambo ambalo wasifu wa kidini hulipita haraka. Shirika lilikuwa na umri wa miaka mitatu, halina watu wenye uzoefu, na linaingia nchini sambamba na kampuni iliyokuja kutwaa ardhi na ushuru. Mwenyeji wa Mzizima au wa Pugu angetumia kipimo gani kumtenga mgeni wa sala na mgeni wa bendera, hali wote wanazungumza Kijerumani?

Kundi la kwanza, chini ya Padri Bonifaz Fleschutz, lilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 1888. Waprotestanti wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kutangulia mwaka 1887. Wabenediktini walijenga Pugu, kiasi cha kilomita 20 kutoka bandarini, wakaanza kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Mwezi Agosti 1888 pwani yote ilichafuka, Kampuni ilipotaka kushika utawala iliokodishiwa na Sultani. Vita vilivyohusishwa na jina la Abushiri bin Salim vilifika Pugu tarehe 13 Januari 1889. Mabruda Petrus Michl na Benedikt Kantwerg waliuawa, pamoja na Sista Martha Wansing. Wengine walitekwa, kisha wakakombolewa kwa fedha. Kiswahili hakibadilishi kitenzi hapo: aliyekuja kuwakomboa watumwa naye alikombolewa.

Baada ya Pugu, misheni ilijikita mjini, ufukweni mwa bandari. Kanisa la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, na mnara wake bado unaonekana na kila avukaye kwenda Kigamboni. Jina Kivukoni limeundwa kwa kitenzi vuka: ki-vuk-o, pamoja na -ni ya mahali. Amrhein mwenyewe hakuvuka. Aliwatuma wengine, akabaki Ulaya akitafuta fedha na watu, na kufikia mwaka 1896 alikuwa amekwisha kuachia uongozi. Shirika lilipangwa upya kwa utaratibu wa kawaida wa Kibenediktini, na mwaka 1902 St. Ottilien ikawa abasia. Kwa maneno mengine, waliokuja baada yake waliutia nguvu upande wa mtawa katika wazo lake.

Kwa mwanaisimu, hilo halikuwa hasara. Mtu anayekaa mahali pamoja muda mrefu husikia mengi. Cassian Spiss, mzaliwa wa Tirol aliyeanzisha Peramiho mwaka 1898 na kuwa askofu wa Dar es Salaam mwaka 1902, alichapisha mwaka 1904 uchunguzi wa Kingoni na Kisutu. Tofauti aliyoiandika ni ya thamani kubwa. Kingoni cha wahamiaji waliotoka kusini mwa Afrika kilikuwa kikififia, na Kisutu, lugha ya waliotawaliwa, ndiyo iliyokuwa ikielekea kurithi jina la watawala. Kingoni kinachosemwa Songea leo kimesimama juu ya msingi huo. Spiss hakupata nafasi ya kuendelea. Aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 katika vita vya Maji Maji, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, akiwa njiani kuelekea Peramiho.

Athari katika Kiswahili ziko wazi zaidi katika msamiati na uchapaji. Abasia na abate ni maneno ya nyumba hizi. Bruda linastahili kuangaliwa vizuri: neno la Kiingereza limetupa braza, lakini bruda linasikika Kijerumani moja kwa moja, kama shule. Mwaka 1910 Wakatoliki walikuwa na gazeti lao Rafiki Yangu, likishindana na Pwani na Bara la Waprotestanti. Baadaye mitambo ya Ndanda na Peramiho ilichapa vitabu vingi vya sala, vya shule na vya kilimo, katika Kiswahili sanifu ambacho wasomaji wengi wa kusini walikiona kwanza katika kurasa hizo.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Dar es Salaam, pamoja na kanisa la Kivukoni, ilikabidhiwa kwa Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921. Kusini, kazi ya Wabenediktini ilisalimika kwa sababu Gallus Steiger, aliyeiongoza kuanzia mwaka 1922, alikuwa raia wa Uswisi, na Waingereza hawakuwa na neno naye. Uraia ambao mwanzilishi alizaliwa nao ulifaa wakati yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwekwa pembeni. Amrhein alifariki mwaka 1927. Miaka minne baadaye Peramiho na Ndanda zilipewa hadhi ya abasia, na leo Hanga na Mvimwa ni abasia za shirika hilohilo ambazo watawa wake ni Watanzania.