Yakuti ya Bonde la Umba na Mwanga wa Kioo cha Simu

Picha yoyote inayoonekana kwenye kioo cha simu imejengwa kwa rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Tone la mvua likiangukia kioo kilichowashwa hugeuka lenzi, na chini yake jicho huona vipande vidogo vya rangi hizo vimepangwa safu kwa safu. Abiria anayesubiri basi stendi ya Korogwe anaweza kuviona bila kifaa chochote. Mwanafizikia wa vioo vya picha ni mtaalamu anayejitolea maisha yake kwa yale yaliyomo ndani ya tone hilo: mwanga utoke wapi, uongozwe vipi, na ulifikie jicho ukiwa na nguvu ya kutosha.

Katika simu nyingi za bei ya kawaida, kioo chenyewe hakiwaki. Nyuma yake kuna taa nyeupe, na mbele ya taa kuna tabaka la fuwele kioevu, yaani kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga kwa mwelekeo mmoja. Umeme mdogo huzigeuza molekuli hizo, nazo hufungua au kufunga njia ya mwanga kama mlango. Mwanga unaopita huchujwa uwe mwekundu, wa kijani au wa buluu. Kabla ya kutoka nje, hupita kwenye utando unaoruhusu mawimbi yanayotikisika upande mmoja tu. Dereva wa bodaboda aliyevaa miwani ya jua yenye utando wa aina hiyo hiyo, akiizungusha simu polepole mbele ya macho, anaweza kuona kioo kikififia hadi kuwa cheusi, kisha kikirudi.

Ile taa ya nyuma ndiyo iliyowasumbua wanafizikia kwa muda mrefu. Hutengenezwa kwa diodi, yaani vifaa vidogo vinavyotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. Diodi inayotoa mwanga mwekundu ilipatikana mwaka 1962, na ya kijani ikafuata kabla ya muongo huo kwisha. Buluu yenye nguvu ilikosekana kwa miaka 30 hivi, na bila buluu hakuna mwanga mweupe. Kitu kilichofaa kilijulikana mapema: galiamu naitraidi. Shida ilikuwa kuikuza iwe fuwele safi, kwa kuwa fuwele huhitaji msingi wa kuota juu yake. Msingi uliostahimili joto la tanuru ulikuwa yakuti samawi, ambayo wachimbaji huiita safaya.

Jiwe hilo si geni mkoani Tanga. Mto Umba hushuka kutoka milima ya Usambara na kuingia Kenya kabla ya kufika Bahari ya Hindi, na bonde lake limejulikana kwa vito tangu miaka ya 1960. Kalalani, wilayani Korogwe, ni miongoni mwa sehemu za bonde hilo zinazochimbwa safaya. Safaya ni alumini na oksijeni tu, na ikiwa safi haina rangi. Rangi huletwa na chembe chache za vitu vingine: chuma na titani huleta buluu, kromiamu huleta wekundu. Zipo safaya za Umba zenye vanadiamu ambazo juani huelekea buluu, na chini ya balbu ya waya huwa zambarau. Tochi ya simu haitoshi kulipima jiwe la namna hiyo, kwa sababu mwanga wake una buluu nyingi, tofauti na ule wa balbu.

Chembe hizo hizo zinazolipa jiwe la Kalalani thamani ndizo zinazolifanya lisifae kiwandani. Safaya ya diodi hutengenezwa kwa kuyeyusha unga safi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, kisha hukatwa vipande vyembamba kama sahani. Hata hapo, mpangilio wa atomi zake unatofautiana na ule wa galiamu naitraidi kwa takribani asilimia 16, hivyo fuwele iliyokuzwa juu yake ilijaa nyufa. Mwaka 1986, Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, katika Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani, walitandika kwanza tabaka jembamba la alumini naitraidi kwenye joto la chini. Likawa mto wa kupunguza tofauti hiyo, na fuwele ikaota vizuri.

Shuji Nakamura aliifikia kazi hiyo kwa njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1954 katika mji mdogo wa Ikata, akasoma Chuo Kikuu cha Tokushima, na mwaka 1979 akaajiriwa na kampuni ya Nichia, iliyokuwa mbali na miji mikubwa. Mwaka 1988 alikwenda Florida, Marekani, kujifunza kukuza fuwele kwa gesi. Aliporudi, aliufungua mtambo wake na kuuunda upya kwa mikono yake. Aliongeza mkondo wa pili wa gesi kutoka juu, ukaikandamiza gesi yenye galiamu kwenye safaya iliyochomwa kufikia nyuzi 1,000 hivi. Mwaka 1992 yeye na wenzake walieleza kwa nini magnesi iliyochanganywa kwenye fuwele ili ipitishe umeme haikufanya kazi: hidrojeni ilikuwa imeifunga. Kuipasha moto mahali pasipo na hidrojeni kulitosha kuifungua. Mwishoni mwa 1993 diodi ya buluu yenye mwanga mkali ikatangazwa. Ikapakwa unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa njano, na macho yakaona mweupe. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Sehemu kubwa ya kazi ya mwanafizikia wa vioo vya picha ni kupima na kurudia. Mtafiti hukuza tabaka, hulipima, hutafuta kasoro, hubadili joto au gesi, kisha huanza tena. Kioo kikishakamilika hupimwa kwa mazingira ya mtumiaji. Chumbani usiku, taa hutoa luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) mia chache. Mnadani Handeni saa saba mchana, jua hufikia luksi 100,000 hivi. Kioo kitupu hurudisha takribani asilimia 4 ya mwanga unaokiangukia, na kwa jua hilo asilimia 4 inatosha kuifunika picha. Ndiyo maana watafiti hutengeneza tabaka za kupunguza mng'ao, na wengine hushughulikia vioo vipya ambavyo kila nukta ni diodi ndogo ya galiamu naitraidi inayojiwakia.

Kwa mwanafunzi wa Handeni au Korogwe, njia huanzia kidato cha tano kwenye tahasusi ya PCM: fizikia, kemia na hisabati. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imetafiti nishati ya jua na tabaka nyembamba kwa miaka mingi, na Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, hufundisha sayansi ya nyenzo katika shahada za juu. Tabaka linaloruhusu mwanga na umeme kupita kwa pamoja huhitajika kwenye paneli za jua, na huhitajika pia kwenye kioo cha simu. Anayejifunza kulitengeneza na kulipima kwa ajili ya paneli ameshajifunza sehemu ya kazi ya vioo vya picha.