Kalenda Ukutani, Ramani Mezani

Chukua kalenda ya parokia, ile inayotaja mtakatifu wa kila siku, uiweke kando ya ramani ya Brazili. Anzia kaskazini mashariki, pale bara linapochomoza kuielekea Afrika, kisha shuka na pwani kwa kidole. Cabo de São Roque: Mtakatifu Roko, 16 Agosti. Cabo de Santo Agostinho: Mtakatifu Agostino, 28 Agosti. Mto São Miguel: Malaika Mkuu Mikaeli, 29 Septemba. Mto mkubwa wa São Francisco: 4 Oktoba. Ghuba ya Todos os Santos, yaani Watakatifu Wote: 1 Novemba. Hapo kidole kinaruka masafa marefu hadi Cabo de São Tomé, 21 Desemba. Inafuata Rio de Janeiro, Mto wa Januari. Kisha Angra dos Reis, Hori ya Wafalme, siku ya Mamajusi, 6 Januari. Kisiwa cha São Sebastião, 20 Januari. São Vicente, 22 Januari.

Hakuna mtakatifu hata mmoja aliyeruka foleni. Majina haya yaliachwa na msafara wa Wareno wa mwaka 1501 hadi 1502, ambamo Amerigo Vespucci naye alikuwamo, na mpangilio wake ndio ushahidi. Watu wakiita mahali kwa mapenzi yao, watakatifu huchanganyikana. Hawa wamejipanga kwa sababu merikebu zilikuwa zikishuka kusini huku siku zikienda.

Baharia alihitaji jina ambalo yeye, na atakayekuja nyuma yake, wangelikumbuka. Wenyeji walikuwa na majina yao, ila aliye majini hakuwa na lugha ya kuwauliza, na mara nyingi hata nanga hakutia. Kalenda ya Kanisa ilikuwa kichwani mwa kila mtu chomboni. Mwaka 1488 baharia Mreno Bartolomeu Dias alifika kwenye ghuba ya Afrika Kusini iitwayo leo Mossel Bay akaipa jina la São Brás, ambaye siku yake ni 3 Februari. Mwaka 1500 Diogo Dias, aliyepotezana na msafara wa nahodha Cabral, aliiona Madagaska siku ya Mtakatifu Laurenti, 10 Agosti, na kwa muda mrefu ramani za Wareno zikakiita kisiwa hicho São Lourenço. Bukini yetu, ndiyo hiyo Madagaska, ilikuwa na jina lake tangu zamani, lakini ndiyo hivyo.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kwa nini pengine São na pengine Santo? Jibu liko kwenye herufi inayofuata. São ni Santo lililokatwa mkia, nalo hukaa mbele ya konsonanti: São Paulo, São Jorge. Mbele ya irabu mkia unarudi: Santo António, Santo Agostinho. Wakaidi hawakosekani, kama mji wa Santo Tirso kule Ureno. Mwanamke ni Santa daima. Kulitamka São, sema "sau" huku sauti ikipitia puani kama mtu mwenye mafua. Pengine mtakatifu humezwa kabisa ndani ya neno. Santiago ni Iago, yaani Yakobo. Santarém ni Santa Iria, na Santarém ya Brazili ilichukua jina la mji huo wa Ureno.

Sasa tahadhari, maana njia hii ya kalenda ni tamu na utamu hupoteza watu. Vitabu vingi huandika bila wasiwasi kwamba kisiwa cha São Tomé, magharibi mwa Afrika, kilionekana 21 Desemba 1471. Hakuna daftari la safari lililobaki linalosema hivyo. Tarehe ilitolewa kwenye jina, kisha jina likafafanuliwa kwa tarehe. Ni sawa na kumdai mtu cheti cha kuzaliwa akakuletea alichojiandikia mwenyewe. Kwa Brazili tuna mlolongo mzima unaothibitishana. Kwa kisiwa kimoja, ni dhana nzuri tu.

Pengine mtakatifu ni kivuli cha mfalme. Mreno Estácio de Sá alipouanzisha mji wa São Sebastião do Rio de Janeiro, ilikuwa 1 Machi 1565, mbali kabisa na sikukuu ya Sebastiani. Aliyeheshimiwa ni Mfalme Sebastião wa Ureno, mtoto wa miaka 11, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa 20 Januari. Mtakatifu mwenyewe huchorwa amechomwa mishale. Tarehe 20 Januari 1567, vitani na Wafaransa na wenzao, wenyeji Watamoyo, Estácio alipigwa mshale, na mwezi mmoja baadaye akafa.

Na pengine mtakatifu ni chombo. Aprili 1498 merikebu ya Vasco da Gama iliyoitwa São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya Mtang'ata, upande wa Tanga. Ikanasuka. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamekwisha kwa kiseyeye, hawatoshi vyombo vitatu, wakaichoma hapohapo. Mafungu yale, pamoja na milima inayoonekana bara, Wareno waliyaita São Rafael. Ukitafuta kwenye kalenda ya wakati ule hutapata Rafaeli Aprili wala Januari. Jina lenyewe halikushika, Mtang'ata ikabaki Mtang'ata.

Miji ilipata majina marefu, mtakatifu mbele na jina la nchi nyuma, halafu watu wakachoka kuyatamka yote. Walikata wapi? Wajesuti walisali misa yao 25 Januari 1554, sikukuu ya Kuongoka kwa Paulo, mahali palipoitwa São Paulo de Piratininga. Ikafa Piratininga, akabaki Paulo na jiji lake la watu zaidi ya milioni 11. Kule Angola mji uliitwa São Paulo da Assunção de Loanda. Huko Paulo ndiye aliyedondoka, ikabaki Luanda. Rio ilimwacha Sebastiani.

Uhuru wa Angola ulipokuja mwaka 1975, mji wa São Salvador ukarudi kuitwa Mbanza Kongo, jina la mji mkuu wa ufalme wa Kongo. Mwaka huohuo, 12 Julai, São Tomé na Príncipe ikajitawala na jina likabaki lilivyo. Wareno walipofika, visiwa vile havikuwa na mkazi hata mmoja. Hapakuwa na jina la kale la kurudia. Kanisa Katoliki, katika kalenda yake mpya ya 1969, lilimhamishia Mtume Tomaso, ndiye Tomé, tarehe 3 Julai. Kisiwani bado wanapumzika 21 Desemba.