Rezo ikikatika, feza zako za simu zinabaki wapi?

Mtu wa Kisangani akitumia ndugu yake wa Yahuma feza kwa simu, hakuna noti inayosafiri. Kinachobadilika ni maandishi tu: hesabu ya mmoja inapunguka, ya mwingine inaongezeka. Maandishi hayo yanakaa ndani ya mashini kubwa zinazoitwa seva, kwenye hifadhidata. Hifadhidata ni kama kaye kubwa ya hesabu za watu wote.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu Kongo mwaka 2012. Leo watu wengi wanaweka akiba yao kwenye simu. Basi swali ni la haki: mashini moja ikizimika, ile akiba inakuwaje?

Kaye moja haitoshi

Chukueni mfano wa likelemba. Kama sekretere ni mmoja na kaye ni moja, siku nyumba yake inaungua, hesabu imekwisha. Kwa hiyo wenye akili wanaweka masekretere watatu, kila mmoja na kaye yake. Mmoja ni mkubwa: anaandika kwanza, wengine wananakili palepale. Mkubwa akigonjwa, mmoja kati ya wale wawili anachukua nafasi, na likelemba inaendelea.

Seva zinazofanya kazi pamoja namna hiyo zinaitwa klasta. Kila mara zinatumiana ishara ya kusema "niko hai". Seva kubwa ikinyamaza, zinazobaki zinachagua nyingine, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Wewe kwenye kabini huoni kitu.

Kwa nini watatu, si wawili?

Tuseme masekretere ni wawili: mmoja Makiso, mwingine Lubunga, ng'ambo ya mto. Siku moja mitumbwi haivuki na simu haiiti. Kila mmoja anafikiri mwenzake amekufa, kila mmoja anajifanya mkubwa. Mwanachama mmoja analipwa 100.000 franga Makiso, na mke wake analipwa zilezile Lubunga. Njia ikifunguka, kaye mbili hazipatani, na ugomvi unaanza.

Dawa yake ni kanuni moja: hakuna kuandika bila zaidi ya nusu kukubaliana. Wakiwa watatu, wawili walio Makiso wanaendelea, yule mmoja wa Lubunga anasimama, hata kama ni mzima na kalamu iko mkononi. Klasta ya seva 3 inavumilia kupoteza 1. Ya seva 5 inavumilia kupoteza 2. Ya seva 4 inavumilia 1 tu, sawa na ya 3. Ndiyo sababu wataalamu wanapenda hesabu isiyogawanyika kwa mbili.

Hata wakubwa wameumia hapo. Tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka 2018, kampuni ya GitHub ya Marekani, inayotunza kazi za waandishi wa programu, ilikatikiwa na njia kati ya vituo vyake kwa sekunde 43 tu. Lakini pande mbili za nchi zilikuwa zimekwisha kuandika mambo tofauti. Kulinganisha kaye hizo kulichukua zaidi ya saa 24, juu ya kuogopa kupoteza maandishi ya watu.

Kurani, moto na nyaya

Masekretere watatu wakilala nyumba moja ya majani, moto mmoja unakula kaye zote tatu. Ndivyo ilivyo kwa seva tatu kwenye chumba kimoja na kurani moja. Sisi wa Kisangani tunajua: bwawa la Tshopo likipata shida, mji unaingia giza. Seva zinahitaji betri, jenereta, na miji tofauti.

Njia pia zisiwe moja. Mwezi wa 8 mwaka 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo, ukakata nyaya za WACS na SAT-3. Matengenezo yalichukua karibu mwezi. Seva za mbali zilikuwa hai, lakini kuzifikia kulikuwa kazi.

Kunakili si kuweka akiba

Sekretere mkubwa akifuta ukurasa kwa kosa, wenzake nao wanafuta. Klasta inaokoa mashini ikifa. Haiokoi mkono ukikosea. Tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka 2017, fundi wa kampuni GitLab alifuta hifadhidata kwenye seva isiyo yake. Njia kadhaa za akiba walizokuwa nazo hazikufanya kazi. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa kama sita mbele, na maandishi ya saa hizo yakapotea. Akiba isiyojaribiwa ni tumaini tu.

Wewe ufanye nini?

Ukituma feza na jibu halirudi, usitume mara ya pili haraka. Angalia kwanza salio, ngojea mesaji, tunza namba ya muamala. Pengine seva imekataa kuandika ili isilipe mara mbili.

Na nyinyi wa masomo, vituo vya afya na vyama vya wakulima wenye ordinateri moja: fanyeni nakala kila juma, iwekeni kartie nyingine, na mara moja kwa mwezi muifungue kuona kama inasomeka. Hiyo haiombi seva wala fundi wa Kinshasa.